Vidonge vya Kijani vya Yaya Kavira

Nimepona. Naanza na hilo kwa sababu najua mgonjwa anavyosoma: anaruka hadi mwisho aone kama mwandishi alikufa. Sikufa. Karatasi ya labo inayosema kifua changu ni safi iko ndani ya Biblia yangu, na siku hizi napanda kutoka sokoni mpaka nyumbani Rwambuzi bila kusimama njiani. Lakini siandiki ili nijisifu. Namwandikia yule aliyelala sasa hivi na meza ndogo pembeni, meza iliyojaa chupa, majani na maboksi aliyoletewa na watu wanaompenda, naye hajui ameze kipi na aache kipi. Mimi nilikuwa na meza hiyo. Mwishowe nilichagua vizuri. Kisha nikaficha nilivyochagua, na kuficha huko ndiko kulikomponza dada yangu. Nitaeleza vile ilivyokuwa, hata pale panaponitia aibu.

Kikohozi kilianza wakati wa vumbi, miezi ile ambayo mvua inaisahau Bunia na kila kitu kinakuwa chekundu, nguo, mabati, hata mate. Nauza unga wa muhogo na mafuta ya mawese. Mzigo wangu unatoka Marabo. Nikasema ni unga umeniingia kifuani. Wenzangu wa meza za jirani walisema vilevile, maana nao walikuwa wanakohoa. Mvua ilipoanza wao wakaacha, mimi nikaendelea. Kitenge nilichokuwa nakizungusha kiunoni mara moja kikaanza kuzunguka mara mbili. Siku nilipoona damu kwenye leso, niliifua leso kwanza, nikaianika kambani, ndipo nikaenda kupimwa. Mpaka leo sijui kwa nini niliifua.

Wakaniambia ni kifua kikuu. Miezi sita ya dawa, kila asubuhi, mbele ya muuguzi. Muuguzi wetu aliitwa Mama Furaha, mwanamke mfupi wa sauti nzito ambaye sikuwahi kumwona akiharakisha. Anakupa vidonge, anakupa maji, kisha anasema, "Fungua kinywa," na anachungulia kweli. Benchi letu lilikuwa nje, upande ambao upepo unapeleka kikohozi chetu mbali na wajawazito. Kila mtu aliacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na mwenzake, ingawa sote tulikuwa na ugonjwa uleule. Alikuwepo mama mmoja aliyekimbia vita kutoka Djugu. Alikuja na mkeka wake kila siku, kwa sababu kambini ukiacha mkeka huukuti. Ulikuwa wakati wa amani yetu hii, ambayo mtu anauliza habari za barabara kabla ya kuuliza habari za nyumbani. Wakati mwingine benchi lilikuwa nusu tupu asubuhi, tukajua kuna mahali njia imefungwa. Mama Furaha alitazama zile nafasi, akaandika.

Mume wangu, Paluku, alikuwa Mongbwalu. Huko anawauzia wachimba dhahabu viatu vya mpira, betri na tochi. Nilipompigia simu alikuja, na alikuja na kikombe chake mwenyewe. Kikombe kipya cha bati, bado kina karatasi ya dukani. Alikinywea chai, akakiosha mwenyewe, akakirudisha kwenye mkoba. Watoto wetu wawili akawapeleka kwa mama yake, Butembo, "mpaka upate nguvu." Siku ya tatu akasimama mlangoni.

"Mie niko na kazi kule," aliniambia. "Barabara ikifungwa, nitafanya je?"

Simlaumu sana sasa. Wakati ule nilimlaumu kwa mwili wangu wote. Nyumba ikawa kimya hivi kwamba nilisikia kikohozi changu kikirudi kutoka ukutani.

Aliyenibakia ni Yaya Kavira, dada yangu mkubwa. Mama yetu alipokufa mimi nilikuwa bado nanyonya, na Yaya, ambaye hakuwa hata na miaka kumi na mitano, ndiye aliyenifunga mgongoni. Ndiye aliyenitoa Butembo akanileta Bunia kwenye biashara. Alikuwa mjane, ana binti mmoja, Noela. Alikuja kwangu siku ileile Paluku alipoondoka, akakaa kitandani, si kwenye kiti, kitandani. Akachukua sahani yangu ya bugali niliyoshindwa kuimaliza, akaimaliza yeye kwa vidole vyake.

"Yaya, utaambukizwa," nikamwambia.

"Nimekula mate yako tangu uko mutoto," akasema. "Sogea huko."

Ukitaka kuelewa yote yaliyofuata, elewa hiyo sahani.

Kwetu mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Zamani watu walileta ndizi, mayai, sabuni. Siku hizi wanaleta dawa. Na hawaiweki tu mezani na kuondoka. Mgeni anakaa, anaomba glasi, anasubiri akuone ukimeza, na kesho kutwa anapita kuuliza kama umemaliza. Kila dawa inakuja na sura ya mtu. Mke wa mchungaji aliniletea asali iliyolowekwa vitunguu saumu. Jirani wa nyuma ya nyumba alileta mubirizi, majani yale machungu, aliyatwanga mwenyewe mpaka mikono ikawa ya kijani. Mwenzangu wa soko alileta unga wa mbegu za avokado, mwingine unga wa moringa, mwingine chai ya artemizia kwenye chupa ya soda. Ningemwambia nani hapana? Ukikataa chupa, umemkataa mtu, na mgonjwa wa kifua hana watu wa kukataa. Nilikunywa vyote.

Dawa nyingi kuliko zote zilikuwa za Yaya. Yeye aliziita produi. Kwa miaka mingi alikuwa mshonaji, mpaka macho yakaanza kumsumbua kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, na uzi ukawa hauoni tena tundu la sindano, kama alivyopenda kusema. Ndipo rafiki yake wa kanisani alimwingiza katika wale wanaouza virutubisho vya asili. Kila Jumamosi walikuwa na mafunzo kwenye ukumbi mmoja wa mjini. Walivaa blauzi nyeupe. Walikuwa na mashine: unashika kijiti cha chuma mkononi, na kompyuta inatoa karatasi yenye magonjwa yako yote. Yaya hakupita darasa la sita. Sasa watu wazima walimwita Dokta barabarani, naye aligeuka polepole ili walio karibu wasikie. Nilimtania sana kwa kugeuka kule. Lakini nilifurahi pia, maana nilimkumbuka siku zile alizokaa sebuleni ameshika kitambaa ambacho hawezi kukishona.

Akaniletea vidonge vya kijani, sita asubuhi na sita jioni, chai ya kahawia ya kusafisha ini, na chupa ya majimaji ya aloe. Nilipotaka kumlipa, alikasirika.

"Kunywa nione," alisema. "Mie siko mugeni wa kuweka dawa ku meza na kwenda."

"Yaya, ya hospitali iko mingi tayari."

"Ile ya hospitali ni ya kizungu, inachosha mwili. Hii ni majani tu. Majani itakufanya nini?"

Nikameza. Akapiga makofi kidogo, kama alivyofanya nilipokuwa mtoto.

Mwezi wa kwanza nilipata nafuu kidogo. Mkojo ulikuwa wa rangi ya machungwa kwa ajili ya dawa za kifua. Nilidhani ni damu, nikalia chooni kabla ya Mama Furaha kuniambia ni kawaida. Nyayo zilianza kuwaka moto, naye akaniongezea kidonge kidogo cheupe. "Hii ni vitamini," alisema, "ya kusaidia miguu." Katikati ya mwezi wa pili kila kitu kikageuka. Sikuweza kunusa mafuta ya mawese, mimi ambaye nayauza. Nilitapika hata maji. Ngozi iliniwasha nikajikuna mpaka damu. Asubuhi moja Mama Furaha aliponiambia nifungue kinywa, hakuangalia kinywa. Aliangalia macho yangu.

"Tangu siku ngapi iko jaune?"

Sikujua kwamba yalikuwa ya manjano. Nyumbani sikuwa nataka kioo.

"Uko unakunywa kitu ingine?"

"Hapana."

"Ata kitu ya asili?"

"Hapana, Mama."

Nilidanganya bila kufikiri. Sikuwa namficha yeye dawa. Nilikuwa namficha Yaya, kana kwamba ningemshtaki. Mama Furaha alivuta kiti chake karibu, jambo ambalo hakuwa analifanya, maana wauguzi wa kule wanakaa mbali kidogo nasi.

"Mama Katungu, mi siko polisi. Leta byote. Ata bile umefunga mu kitambaa."

Walinisimamishia dawa za kifua siku hiyo. Sikuwahi kuogopa kama siku hiyo. Karibu wiki tatu nzima zilipita nikiwa nimelala kwenye kitanda cha hospitali, dirishani mvua inanyesha, natolewa damu, naambiwa tusubiri, huku nasikia kile kitu kifuani kikiendelea na kazi yake bila wa kukizuia. Mgonjwa anayeambiwa aache dawa kwa ajili ya dawa nyingine hajui tena kipi ni rafiki. Nilipungua mpaka pete ya ndoa ikaanguka ndani ya beseni la kunawia.

Macho yalipoanza kuwa meupe, Mama Furaha alikuja na kikapu changu, kile ambacho Noela alikileta kutoka nyumbani. Akamwaga vyote juu ya shuka na kuanza kuvipanga. Hakuwa na dharau. Nilitegemea dharau, haikuja. Asali na vitunguu saumu akaviweka upande wa ukuta. Moringa akainusa.

"Nani alikausha hii?"

"Mwenzangu wa soko. Ni ya miti yake mwenyewe."

"Tia mu sombe, mu majani ya muhogo. Ni mboga, kula sawa mboga. Usiikunywe sawa dawa, bijiko na bijiko."

Mubirizi na artemizia akaviweka pembeni. "Hii ni dawa ya kweli," alisema, "njo maana siitaki sasa. Dawa na dawa inaweza kupigana mu fwa, mu ini." Mbegu za avokado akazifunga na kuzitoa. Ndipo akachukua boksi la Yaya, akaligeuza pande zote, akavaa miwani, akaligeuza tena.

"Iko nini ndani?"

"Majani."

"Majani gani?"

Sikujua. Boksi lilikuwa na picha ya mlima na jua, na maneno ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Akaniuliza kama aliyeniletea aliwahi kuniambia ni nani asiyetakiwa kuvitumia. Nikasema ni dada yangu, na alisema vinamfaa kila mtu, mtoto, mzee, mjamzito. "Kitu yenye inafaa kila mutu na kila ugonjwa," alisema, "mi naiogopa." Sikutegemea aseme neno lililofuata, nalo ndilo lililonifanya nimwamini: "Siwezi kuapa ni hii ilikuharibu. Pengine ni dawa yetu ya kifua, nayo inaweza. Uliweka bintu kumi mu chungu moja, sasa tutajua je ni gani?"

Akanirudishia asali, moringa, na kidonge chake kidogo cheupe cha miguu. Hivyo tu. Kwenye meza yote ile, vitatu.

"Dada yako ni mutu wa kusikia?" aliniuliza.

"Ni mtu mzuri sana."

"Sikuuliza vile. Umwambie. Leo."

Nikaahidi.

Walinirudishia dawa moja baada ya nyingine, polepole, kila moja wanangoja waone ini linasema nini. Niliporudi nyumbani Yaya alikuwa ameshafagia, amebadilisha shuka, amepika mboga ya lengalenga na samaki wa ziwani. Na juu ya meza, boksi jipya. Alikuwa amelipata kwa shida, alisema, kwa sababu mzigo wao ulikwama njiani. Alinitazama vile nilivyokonda, machozi yakamtoka, akayafuta kwa haraka na mkono wenye harufu ya samaki.

"Hii mara tutaongeza dozi," alisema.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kumwambia. Nilikuwa na maneno tayari, niliyapanga kwenye pikipiki njia nzima. Nikatazama ile blauzi nyeupe aliyoifua akaianika kwangu, na nikasema, "Aksanti, Yaya. Nitakunywa nikishakula."

Aliniamini. Mgonjwa aliyetoka hospitali anaruhusiwa kula kwanza. Baada ya chakula alikwenda kumwona mteja, nami nikahesabu vidonge sita, nikavitupa chooni. Jioni sita vingine. Nilifanya hivyo kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kumeza chochote, maana Yaya alikuwa anatikisa boksi kusikia kimebaki kiasi gani.

Msimu wa mvua ukaninenepesha. Mwezi wa tatu nilianza kusikia njaa, njaa ya kweli ya mahindi ya kuchoma. Mwezi wa nne kitenge kilirudi mzunguko mmoja na nusu. Paluku alikuja kutoka Mongbwalu, akanitazama muda mrefu, na aliponywa chai alitumia kikombe cha kabatini. Watoto wakarudi. Yaya alikuwa akinipima kwa macho kila anapoingia.

"Unaona?" alisema. "Unaona sasa? Na ile dokta yako ilitaka kukufunga macho."

Ningeweza kusema hata wakati huo. Nilijiambia nitasema nikimaliza matibabu. Nilijiambia pia kwamba hakuna anayeumia; boksi linakwenda chooni, Yaya anafurahi, mimi napona. Uongo wangu nilikuwa nauona ni adabu. Nimelelewa hivyo, na sikuwa mtoto mbaya.

Nilipomaliza mwezi wa mwisho, na karatasi ya labo ikatoka, Yaya alitaka twende kanisani kutoa shukrani. Nilikubali kwa furaha. Wakati wa ushuhuda alinishika mkono tukapanda mbele. Nilidhani atasema Mungu amenitendea mema, kisha tukae. Akasema hivi, na blauzi yake nyeupe, na sauti yake ya mafunzo ya Jumamosi:

"Mudogo yangu alikuwa amekufa. Mulimuona, alikuwa mifupa. Hopitali ilisimamisha dawa, basema batangoja. Mie nikasema, hapana, mie sitangoja. Nikamupa produi yangu, na muko namuona!"

Watu wakapiga vigelegele. Wakanigeukia. Mchungaji akanisogezea kipaza sauti.

"Aksanti Mungu," nikasema.

Maneno mawili. Baada ya ibada watu walimzunguka Yaya uwanjani, wengine wakiandika majina. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye kifafa alinishika mkono akaniuliza, "Ni kweli, Mama?" Nikamwambia asiache dawa za hospitali. Hilo nililisema. Sikusema zaidi, na sikumwona tena.

Yaya alikuwa na sukari, nimeshasema. Kwa miaka saba au minane alikuwa akimeza vidonge vyake kila asubuhi kabla ya chai, bila kelele. Hata katika siku zake za kuuza virutubisho hakuviacha. Vya wateja vilikuwa vya wateja, na vyake vilikuwa vyake. Wiki chache baada ya ule ushuhuda alikuja kunywa chai kwangu, na niliona hakufungua pochi.

"Yaya, komprime yako?"

"Niliacha."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kanisa." Akacheka, akajipiga kifuani. "Produi yenye iliponesha kifua yako, kifua yenye inaua batu, itashindwa na kasukari kangu? Mie nilikuwa nauzisha bila kuamini, Katungu. Nakuambia kweli. Weye njo uliniaminisha."

Chai ilikuwa mkononi mwangu. Paluku alikuwa uani anatengeneza mlango. Hakuna aliyetuharakisha. Nilikuwa na asubuhi nzima ya kusema neno moja, "Sikuvimeza." Badala yake nikasema, "Lakini Yaya, uulize dokta kwanza."

"Mie njo Dokta," akasema, na tukacheka wote wawili.

Nilipanga nimwambie Jumapili. Jumapili hiyo risasi zilisikika upande wa juu na hakuna aliyetoka. Wiki iliyofuata mzigo wa Marabo ulikawia, nikaenda kuutafuta mwenyewe. Kila wiki ilikuwa na sababu, na zote zilikuwa za kweli. Yaya alikuwa anakunywa maji sana, akasema ni vidonge vinasafisha. Alikonda, akafurahi, akasema vinayeyusha mafuta. Nilimwona akikonda. Mimi niliyejua kukonda kunavyoanza, nilimwona. Kisha kiatu kipya kilimchubua kidole cha mguu, na kile kidonda hakikufunga. Alikipaka aloe.

Noela alinipigia simu mchana mmoja nikiwa sokoni. Yaya alikuwa ameanguka jikoni na haongei. Hospitali walisema sukari imepanda kupita kiasi na mguu umeoza mpaka juu ya kifundo. Wangeukata, lakini damu yake ilikuwa imeshachafuka. Tulikaa kwenye korido, mimi na Noela, kwenye benchi ambalo hakuna aliyeacha nafasi, watu wamebanana, wengine na sufuria za chakula mapajani. Noela alikuwa amebeba boksi la vidonge vya kijani kwenye mfuko.

"Mama mudogo, tumuulize dokta kama tunaweza kumupa hii? Njo ilikusaidia weye."

Nikamwambia Noela hapo hapo, kwenye benchi, mbele ya watu. Nikamwambia yote, hata vile nilivyovitupa chooni. Hakunipiga, hakulia. Alitazama lile boksi, akaliweka chini ya benchi kwa mguu wake. "Umwambie mwenyewe," akasema.

Watu bado wananijia. Wanajua niliugua, wanajua niliponea chupuchupu, wananiuliza wachague nini kati ya walivyoletewa. Nawaambia vile Mama Furaha alivyonifundisha: kama ni chakula, ukile kama chakula. Kama ni dawa, akione yule anayekupa dawa nyingine kabla hujakimeza. Kama hakina jina la kilichomo, au mwenye kukiuza hataki kionekane hospitali, kiache, hata kama ni majani. Na usiache kidonge chako kwa ajili ya ushuhuda wa mtu, maana hujui aliyesimama pale mbele alimeza nini. Wanaitikia. Halafu nawaambia lililo gumu kuliko hayo, na hapo wengi wanatazama chini: rudi kwa aliyekuletea, umwambie kwamba hukukitumia. Usikitupe chooni kisha ukamshukuru.

Yaya aliamka siku ya pili, mdomo umekauka, akili yake yote ipo. Nilimtuma Noela nje. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia kwamba tangu nitoke hospitali sikumeza hata kidonge chake kimoja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akageuza uso ukutani.

Siku hiyo hakupokea maji kutoka mkononi mwangu. Siku iliyofuata pia. Noela alimnywesha, Noela alimfuta, mimi nilikaa kwenye kiti cha pembeni nikashika ndoo. Nilipomgusa bega alilitoa. Nilijua nimempoteza akiwa bado anapumua, na nikaona nimestahili.

Alikufa Alhamisi asubuhi, Noela akiwa anamfunga kitambaa kichwani. Lakini Jumanne, kabla ya hapo, aliniita kwa jina langu, akataka bugali. Hakuwa na ruhusa ya kula kitu kigumu wala nguvu ya kutafuna. Nilimega kipande kidogo, nikakichovya kwenye mchuzi, nikakiweka mdomoni mwake. Alikizungusha muda mrefu. Kipande cha pili alikisogeza kuelekea kwangu kwa mkono wake, mpaka nikafungua kinywa nikakila mimi. Kisha akanitazama, bila ukali wowote.

"Unaona?" akasema. "Hasira yangu ni ya siku mbili, Katungu. Njo ile uliogopa?"